Mistari Sita kwa Mhariri

Unaniuliza, Drani, nilipitia mlango upi.
Nilianza na usio wangu, kama wengi.

Nilipanda basi la usiku kutoka Arua
na vitabu ishirini ndani ya kitenge,
nimevifunga kama kichanga cha mtu.
Kampala alfajiri, miguu imevimba,
nikamngoja mlinzi wa gazeti amalize chapati yake.
"Umeandika kitabu? Hongera. Weka hapo."
Nikaweka kimoja, na barua juu yake, kurasa tatu,
iliyoanza *Kwa heshima na taadhima*,
ikapita kwa babu yangu, shule ya misheni, wito wa uuguzi,
na ilipokifikia kitabu chenyewe
wino ulikuwa umechoka.

Miezi mitatu, kimya.
Nikarudi. Nilikiona:
kimebana dirisha la mapokezi lisipigwe na upepo.
Sikukasirika sana. Angalau kilikuwa kimeajiriwa.

Mwingine, kalamu mbili mfukoni, akanivuta kando
akataja "nauli".
Nikamwambia hata hii niliyojia ni ya mkopo.
(Hilo nalo ulijue: anayekuuzia sifa leo
kesho atamuuzia jirani yako matusi yako,
na bei haitapanda.)

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa vitabu.
Asea, ripota wetu wa hapahapa,
huandika bei ya mihogo, mafuriko, ng'ombe walioibwa.
Nilimkuta kwa fundi viatu,
amesimama kwa mguu mmoja, kiatu cha pili kinashonwa.
Hakuwa na namna ya kunikimbia.
"Mama," akasema, "kitabu si habari.
Hata mvua si habari mpaka ing'oe paa.
Chako kimeng'oa nini?"

Nikalala na swali hilo kama aliyemeza mfupa.
Usiku wa manane nikabonyeza swichi. Umeme hakuna.
Nikapapasa chini ya mto, nikashika tochi,
ileile,
na jibu likawa mkononi mwangu.

Watoto mia nne na kumi na mmoja
niliwapokea kwa tochi hiyo, nimeiuma kwa meno,
mikono yote miwili ina kazi.
Wamo kitabuni wote: jina, saa,
na betri ya ngapi ilikuwa inakufa.
Na Jumatatu iliyokuwa inakuja
wakubwa wangekata utepe wa nguzo mpya za umeme.

Basi nikaandika mistari sita.
Nani, wapi, wangapi, kwa nini wiki hii,
namba ya simu,
na saa ambazo simu hiyo huwa na chaji.
Babu nikamwacha apumzike.
Nikaipeleka Alhamisi asubuhi,
si Jumapili jioni, gazeti limeshashiba.

Alipiga kabla ya adhuhuri.
Kitabu hakuwa amekisoma, wala usitarajie.
Nikamsomea ukurasa wa arobaini na mbili, polepole.
Akanyamaza. Kisha:
"Huyu wa betri ya tatu, yuko wapi sasa?"
"Munduru? Anauza salio la simu mbele ya ofisi yako.
Jana umemdai chenji."

Habari ikatoka. Picha ni ya Munduru, si yangu.
*Meno na Tochi* wakaliandika *Mno na Tochi*.
Vikauzwa tisa.
Redio ikanipa dakika kumi, tangazo la magodoro likala nne,
na waliopiga simu hawakuuliza bei,
hawakuuliza kinapatikana duka gani.
Waliuliza, "Sista, mimi nimo?"
Nikawa napekua kurasa, nawatafuta mmoja mmoja,
mtangazaji ananionyesha saa,
simu zinalia.

Sijui kama nimekujibu, Drani.
Andika sita. Ukiweza, tano.
Na kile cha Kampala sijakifuata:
msimu wa upepo bado,
na kukirudisha ni nauli.