Mwana wa Nani

Mwanatumu kaniletea daftari jikoni, Kibokoni:
maneno manane yaanzayo na mwana.
Mwanafunzi, nikamtajia. Mwanasheria.
Mwanamaji, yule wa Mtongwe, viatu vyeupe pe.
Mwanagenzi ni Faraji, randa bado yamtoroka mkononi.
"Mwanasesere hana mama," akasema, "ana duka,"
akacheka, unga ukamwagika.
Mwananchi? Mamake nchi,
kwenye karatasi.
Mwanamizi, kaa mdogo wa mchangani.

"Shangazi, bado moja."

Ninalo. Nalijua kwa shibiri:
tatu, si zaidi.
Wanawake hatwendi Kikowani;
babake aliporudi, udongo kanzuni,
alinipimia kwa mkono juu ya mkeka.

Mwanandani.

"Huyo hufanya kazi gani?"

Hulaza, nikasema.
Andika.