Kisanduku cha Siku ya Thelathini

Saa kumi na moja alfajiri kunguru wa Upanga
wamekwisha kugombania maganda ya mayai dirishani,
nami nasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.
Wodi nzima inaujua mlio wake:
amekuja mnyonya damu.

Ndivyo wanavyoniita. Nimezoea.

Kazi yangu ni kuchota, si kutibu.
Mililita tatu saa sita baada ya kisu,
tatu kesho, tatu keshokutwa, tatu mtondo.
Tunautafuta moyo ulioumia kimya.
Nyonga imeungwa, tumbo limeshonwa,
dawa ya maumivu imemfunika mtu gubigubi,
na huku kifuani kitu kinavuja
kama bomba chini ya lami:
huoni tone, mpaka barabara ititie.

Namba mia mbili na kumi na tatu: Ngwilizi,
fundi feni, miaka thelathini na sita, utumbo ulipasuka.
Namba mia mbili na kumi na nne: Bi Sikudhani wa Vingunguti,
aliteleza kwenye maji ya dagaa uani kwake.

Nilimsomea fomu ya ridhaa, kurasa nne.
Alisikiliza kama anayesikiliza mahari ikitajwa.
“Mnatafuta nini humo?”
Kuna protini, bibi, moyo ukijeruhiwa
huidondosha kwenye damu.
“Aa. Basi ya Mzee Kitogo mtaikuta.
Aliniacha mwaka wa njaa, na cherehani akabeba.”
Ya zamani haionekani, bibi.
Sisi twapima ya siku tatu tu.
“Siku tatu!” Akacheka hadi mshono ukamkemea,
akachovya dole gumba kwenye wino.

Siku ya pili umeme ulikatika, jenereta likakohoa,
tukakesha tukiilinda friji ya sampuli kama maiti ya mfalme.
Asubuhi majibu ya Bi Sikudhani yalikuwa juu,
mara tisa ya pale tulipochora mstari.
Nikamkuta anakunywa uji, analaumu sukari.
Unaumwa kifua? “Nani, mimi?”
Pumzi je? “Hizi hapa, chukua na wewe.”
Daktari Mshangama akaifunua karatasi ya mapigo,
kidole kikasimama palipoinama,
akaagiza dawa kwa sauti ya chini
kama mtu asiyetaka kumwamsha mwizi.

Ngwilizi majibu yake yalikuwa safi.
Siku ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi.
Siku ya tano homa ya damu ikamchukua,
mkewe amekwenda kununua maji ya chupa.
“Moyo wake ulikuwa mzima,” alisema daktari akiandika,
“na hilo nalo ni jibu.”
Nilitamani kumrushia kitoroli.
Kisha nikaiona kalamu yake: haikuwa na wino,
na alikuwa bado anaandika.

Siku ya thelathini kazi yangu ni simu.
Kwenye fomu kuna visanduku vitatu:
Hai. Amefariki. Hajulikani.
Kwa Ngwilizi nilikuwa na jibu, lakini utaratibu ni utaratibu;
nilipiga, mkewe akapokea,
nikasahau swali, tukanyamaza pamoja
mpaka salio likaisha.

Kwa Bi Sikudhani iliita, ikakata.
Jumanne, hapatikani. Jumatano, hapatikani.
Alhamisi kalamu yangu ilikuwa imeshagusa kisanduku cha tatu
ilipopokea sauti ya mtoto:
“Bibi hayupo.”
Hayupo vipi, mwanangu?
Nyuma yake jogoo, redio, mtu anatwanga.
Nikasikia moyo wangu mwenyewe masikioni,
huo ambao hakuna anayeuchotea chochote.
“Kaenda na gongo lake kwa Mama Shukuru.
Kaenda kudai hela yake ya upatu.”

Nikatia alama. Hai.
Na pembeni, pasiporuhusiwa kuandikwa kitu,
nikaandika: anadai.
Mkaguzi atafuta. Na afute.