Jumanne ya Kwanza, Blaenau

Kapteni Mervyn ameniachia funguo saba,
mbili hazifungui kitu,
na daftari la adhabu, mwandiko safi kama mshono wa fundi.
Nimelisoma lote. Nimeliweka chini ya birika.

Nje, mvua inapiga bati
kama mtu anayedai deni.
Ndani, makadeti kumi na tisa, mstari umenyooka
mpaka pale aliposimama Gethin,
buti zimejaa tope la kijivu la machimboni.

Wote macho kwangu: huyu mpya atafanya nini?

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kurasa mbili.
Neno nidhamu limo mara kumi na moja; nililihesabu.

Nikamuuliza tu: umepita njia gani?
"Ya juu, afande. Basi halikuja."
Maili tatu, gizani. Na hakuchelewa.

Hotuba ikabaki mfukoni, ikilowana pamoja na koti.

Niliyowaambia, huku nikikohoa, ni haya:
kabla ya kukemea buti, nitauliza njia.
Tukipanda mlima, mimi nitakuwa wa mwisho,
maana ukiwa mbele huoni mgongo wa aliyechoka.
Na nikikosea, nisahihisheni. Kwa heshima,
lakini kwa sauti inayosikika.

Kimya.
Kisha Eluned, koplo wa miaka kumi na mitano,
akainua mkono:
"Afande, nembo ya bereti yako
imekaa upande usio wake."

Kweli. Nikaigeuza.
Gethin ndiye aliyeanza kucheka.