Unga wa Betri

Maabara yetu pale Ilula zamani ilikuwa banda la kuku;
harufu iligoma kuhama.
Mwalimu Luvanda alimimina dawa ya vidonda,
ile ya chupa ya kahawia, ya duka la dawa,
akatuambia: tazameni.
Tukatazama.
Kiputo kimoja, labda, kama samaki aliyeota ndoto.
"Inavunjika," alisema, "hivi sasa, inakuwa maji na oksijeni.
Ila kwa mwendo wake
mtamaliza kidato cha nne bado inajishauri."

Akafungua karatasi ya unga mweusi
alioukwangua kwenye betri kuukuu za tochi ya mama yake,
akauosha mara tatu, akauanika juu ya bati.
Akanyunyiza ncha ya kijiko.

Povu likapanda, likamwagika mezani.
Atuganile akaruka na kiti chake.
Kijiti kilichokuwa kinafuka tu
kikashika moto mdomoni mwa glasi.

Niliandika: kichocheo kinasukuma.
Akapiga mstari mwekundu. "Kwa nguvu za nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na Kitonga.
Baba alikuwa utingo: lori la saruji, gia ya kwanza,
yeye nyuma kwa miguu, jiwe mkononi,
tayari kulitupa chini ya tairi likianza kurudi.

"Basi tumia mlima huohuo," Mwalimu akasema.
"Kichocheo hakisukumi lori, hakiongezi mafuta tangini.
Kinafungua njia nyingine, yenye kilele kifupi.
Ruaha Mbuyuni inabaki chini, Ilula inabaki juu,
na anayeshuka naye anapita upesi vilevile."

Tukachuja. Tukakausha.
Mizani ikasema gramu mbili, kama asubuhi.
Unga mweusi vilevile, tayari kuanza tena,
wala haudai chochote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba vizuri.
Kila safari alirudi amepungua:
ukucha, kidole, mwisho goti lenyewe.

Jioni nilimkuta kizingitini
analikanda kwa maji ya moto na chumvi.
Nikamweleza yote: povu, kijiti, njia yenye kilele kifupi.
Alisikiliza hadi mwisho, kitambaa kinachuruzika.
"Ipo?" akauliza.
"Ipo, baba."
Akakamua kitambaa, akakitumbukiza tena.
"Mngeniambia mwaka themanini na nne."