Kwato za Mgeni

Mimi mtu wa punda.
Miaka ishirini na mitatu Kibokoni nimeinamia
kwato zilizopasuka kwa zege na mitaro,
kisu cha baba mkononi,
na mateke mawili ya mbavu ambayo sikudai fidia.
Kwa hiyo Daktari Mshai aliponipigia, "Njoo Shanzu,
yupo farasi jike ametoka milimani, kwenye theluji,
na fundi wake wa kwato amekwama Nairobi,"
nilicheka.
Kisha nikanoa kisu.

Si mkubwa. Hilo la kwanza.
Nilitarajia mnara, nikapewa mlango:
shibiri saba kasoro vidole viwili hadi begani,
rangi ya haluwa iliyokaa motoni dakika moja zaidi,
singa nyeupe zimemwagika upande mmoja
kama mchele uliokosea sinia.

Saisi wake, Nzaro, alinisomea nasaba kwenye cheti.
Bibi zake walivuta magogo:
shingo nene, matumbo ya kusahau njaa.
Halafu wakachaguliwa wembamba, kizazi baada ya kizazi,
walioinua goti juu, walioruka ua bila kuulizwa,
mpaka mifupa ikajifunza adabu
pasipo kusahau mawe.
"Na hapa juu kabisa," akasema, kidole kwenye mstari wa mwisho,
"babu. Dume la Kiarabu."

Nikamtazama tena usoni.
Kumbe. Ule mbonyeo chini ya macho,
ile mianzi ya pua inayokunywa hewa
kabla midomo haijanywa maji:
sura hiyo ina jamaa mtaani kwetu.
Babu mmoja alipanda kutoka jangwani hadi theluji,
mwingine alishuka na tende hadi Mvita;
wajukuu tumekutana Shanzu, kwenye banda la mabati,
na hakuna ajuaye nani amwamkie mwenziwe kwanza.

Pwani haijampenda. Hutoka jasho mpaka masikioni.
Manyoya ya baridi yalimtoka kwa mafungu mwezi wa Februari,
kunguru wakayajengea viota.
Mchanga ukisogea chini yake husimama, hutetemeka:
ardhi gani hii isiyojua kukaa?
Telki yake nzuri, shoti yake nzuri,
lakini Jumamosi, mbele ya viti vya plastiki na watoto wenye midomo myekundu ya mabuyu,
alikataa kiunzi cha kwanza.
Kifupi. Hata mbuzi angekidharau.
Watu wakaguna.
Mpandaji wake, Tawhida, miaka kumi na sita,
akaomba dakika tano, akampeleka nyuma ya uwanja
kwenye kifusi cha matumbawe kilichoachwa na wachimbaji.
Akalegeza hatamu.

Mngemwona.
Alipanda kama mtu arudiye kwao usiku, asiyehitaji taa.
Kila ukwato ukachagua jiwe lake,
ukaliuliza, ukaliamini.
Juu akasimama, akapiga chafya,
akaitazama Mombasa yote kana kwamba ni bonde.
Aliposhuka aliruka viunzi vinane.
Cha tisa alikiangusha.
Nafasi ya nne, ambayo haina kikombe.

Jana nimemkata kwato tena.
Ngumu, nyeusi yenye buluu ndani; kisu cha baba kililia.
Kipande kimoja nikakitia mfukoni, sijui kwa nini.
Jioni punda wangu, Chaurembo, akaunusa mfuko
muda mrefu, masikio mbele,
kama anayesomewa barua
ya jamaa waliofaulu.