Boliti ya Juu

Mwaka mzima sikuegesha gari, nililitega.
Msikitini, sokoni, matangani,
natafuta kwanza ardhi iliyoinama
ndipo niulize hali ya wafiwa.

Benzi la mwaka sabini na tisa, rangi ya chai ya maziwa,
viti vya ngozi vimepasuka kama nyayo za mkulima.
Ukizungusha ufunguo linakujibu neno moja:
tak.
Si ndiyo, si hapana. Tak,
kama mkwe aliyeonjeshwa mchuzi usio chumvi.

Basi alfajiri, Wete ingali na umande,
natoa kichwa dirishani, simwiti mtu kwa jina.
Mize wa vitumbua anatoka na unga viganjani,
Shaame seremala na penseli yake sikioni,
watoto wa Bi Time, sare ya skuli, kiatu kimoja kimoja.
"Haya Maalim, toa breki!"
Tunateremka kuelekea bandarini,
tairi zinanong'ona na lami,
naachia klachi kwenye gia ya pili,
gari linashtuka, linakohoa, linawaka,
na nyuma yangu wanakung'uta mikono,
wanarudi zao juu bila kungoja ahsante.

Kisha karafuu zikaja.
Mwaka ule zilizaa mpaka matawi yakavunjika.
Mteremko wote ukatandikwa majamvi, ukingo kwa ukingo,
na Shaame akanionya:
"Ukikanyaga pishi moja tu ya Bi Mkasi,
utailipa kwa nyumba."
Siku tisa sikwenda popote.
Ya kumi nikamwita fundi.

Hamdu alikuja na mpwa wake, Bikombo,
miaka kumi na saba, suruali chini ya baibui, tochi mdomoni.
Akafungua waya wa betri, akauzonga kitambaa,
akatandika boksi lililokunjuliwa, akajisukuma chini ya gari.
Boliti ya chini ilitoka kwa bismillahi moja.
Ya juu, mtihani.
Haionekani. Iko mgongoni mwa injini, nyuma ya mabomba;
aliyeiweka huko alidhani stata haifi.
Mkono wa Hamdu, mnene, uliingia hadi kiwiko
ukatoka na damu na nusu ya tusi.
"Niachie, mjomba."
Akafumba macho. Hilo nalikumbuka: akafumba macho,
kama anayetafuta kipini kilichoangukia gunia la mchele,
na spana fupi ikawa inakwenda robo, inarudi,
robo, inarudi,
adhuhuri ikaadhiniwa,
robo, inarudi.

Tuliilaza barazani, nzito kama mtoto aliyesinzia.
Makaa yake yamelika, yamebaki kama kucha zilizokatwa,
gia yake mapengo matupu.
Bikombo akaigeuza geuza.
"Hii kutaka ilikuwa inataka," akasema,
"nguvu ndiyo haina."
Sikumwambia umri wangu.

Mpya, mpya kwa jina, ilitumika Ujerumani,
ikauzwa Unguja, ikapanda boti hadi Mkoani,
ikaja Wete imepakatwa na mwanangu kama keki ya harusi.
Ikaingia kwa dakika ishirini.
Nikakaa, nikazungusha ufunguo:
mlio mmoja, mkali, wa kitambaa kinachochanwa,
na Benzi likawaka palepale, pahala tambarare,
mbele za watu.

Maana walikuwa wameshatoka.
Mize mikono mbele,
Shaame kavua kandambili apate kukanyaga vizuri.
Wakasimama hivyo, viganja wazi, havina pa kuwekwa.
"Eh," akasema Mize. "Mabruki."
Akajifuta unga kwenye kanga, akarudi kwenye chuma chake.

Stata ya zamani iko mlangoni kwangu,
inazuia ubao usigongwe na upepo.
Kazi ya kukaa tu; inaiweza.
Na jana, kwenye matanga kule Ole,
niliona uwanja mpana, tambarare, mtupu.
Nikaupita.
Nikenda kutafuta kilima.