Chupa ya Ishirini na Tano

Feramuz, leo ni tarehe mosi Aprili.
Nimepiga magoti kwenye zulia la chumba chetu,
si kwa sala, goti la kushoto halitaki tena,
bali kuzivuta chupa zako moja moja
kutoka gizani, chini ya kitanda.

Ishirini na nne, za lita tano tano.
Lita nne kwa mtu kwa siku, ulisema,
mbili za koo, mbili za chungu na uso,
ukazidisha kwa kidole juu ya kitambaa cha meza
kama karani wa forodha:
watu wawili, siku kumi na tano.
Sasa niko peke yangu, zinatosha mwezi mzima.
Sikuiomba nyongeza hiyo.

Nilikucheka, nakiri.
Viatu vyangu vya harusi vilihamia jikoni
ili maji yapate kulala.
Nilikuuliza kama unafuga samaki.
Hukujibu; ulikuwa unasuuza vifuniko.

Lakini usiku ule wa Agosti nami niliuona.
Jengo la mkabala lilipiga magoti kama ngamia,
bomba letu likakohoa vumbi
kisha likanyamaza siku tisa.
Tulikunywa maji ya kopo la njegere,
tukapokezana, kifuniko kwa kifuniko.
Gülriz, miaka minne, alilamba kijiko
kwa sababu tu kilikuwa cha baridi.
Tangu hapo hukupita karibu na bomba
bila kulitazama usoni.

Asubuhi Berfin wa ghorofa ya tatu amebisha hodi,
mimba ya miezi saba, na mfuko wa chupa za maziwa.
Nimemwambia, hizo tupa, mwanangu.
Maziwa hayatoki hata uoshe kwa machozi,
yanajificha kwenye kona na kuozesha kila kitu.
Wanasema akiba haiozi;
aliyesema hakuwahi kunusa.

Nimemkalisha kwenye kigoda nikamwonyesha:
sabuni kwanza, kisha suuza, kisha suuza tena.
Klorini ya kufulia, ile isiyo na manukato,
matone mawili kwa kila lita, kumi kwa chupa,
hesabu kwa sauti, usiongee na mtu.
Jaza mpaka shingoni.
Kifuniko ushike kwa nje tu; ndani hapana, hata kwa ncha ya ukucha.
Andika tarehe. Weka penye giza,
mbali na mafuta ya taa na dawa ya mende,
maana plastiki ina masikio, husikia harufu ya jirani.
Amecheka. Mtoto amempiga teke.

Maji ya zamani tumeyamwaga bila huruma:
jeranio za roshani zimelewa,
ngazi zimeoshwa hadi mlango wa chini,
na paka wa muuza simiti amekimbia na laana zake.
Maji yakimwagika hayazoleki,
lakini leo hatukutaka kuyazoa.

Berfin alipokwisha kwenda niliingiza fagio
hadi ukutani, upande wako wa kitanda.
Ikagonga kitu.
Chupa. Ina vumbi kama kofia ya sufi,
na mwandiko si wangu:
Oktoba, na ile saba yako
iliyofungwa mkanda kiunoni.

Miaka mitatu imesimama pale, wima,
mimi nikilala juu yake.
Nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha.
Safi. Haina hata uzi.
Nimefungua kidogo, nikanusa:
plastiki, na kitu kama bwawa la shule.
Nimefunga.

Mkono ulikwenda kwenye sinki, ukarudi.
Chini ya tarehe yako nimeandika kwa herufi kubwa,
Berfin asije akakosea siku ya kiwewe:
SI YA KUNYWA.
Kisha nimeirudisha ulikoiacha.

Ishirini na tano, basi, Feramuz.
Forodha wangekutoza faini.